Kilima Kisicho na Mbuzi

Lodwar, jioni

Ewoi,

Barua ya mzazi huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naiona kutoka hapa mezani kwangu: umevua shati, uko uani nyuma ya saiba yetu ya kompyuta, unalifunga godoro kwa kamba na kuitukana kamba. Godoro lenyewe limebonyea katikati. Kakuma kuna magodoro, mwanangu. Kila mradi unaofika kule huanza kwa kugawa magodoro, halafu ndipo watu hukaa chini kufikiria mradi wenyewe ni wa nini. Lakini wewe umeamua kubeba la kwako, nami nimenyamaza, kwa sababu mdomo wangu umeshaharibu vya kutosha katika nyumba hii.

Nikaona heri niandike. Nilidhani karatasi ingepunguza ukali wangu. Nimeisoma aya hiyo ya juu na naona haijapunguza kitu.

Sitakwambia uchemshe maji, wala ukung'ute viatu kabla ya kuvaa, wala usipande bodaboda ya mlevi. Mtoto aliyekulia Lodwar akiumwa na nge wa kiatuni, hiyo ni shauri yake. Maombi pia nimemwachia pasta, ambaye atakuja alfajiri na kuomba mpaka gari likuache. Mimi nina neno moja tu. Leo mchana nilipita chumbani mwako nikakuta hamna kitu. Umechukua blanketi, umechukua taa, umechukua hata ile ndala iliyokatika ambayo haikufai wewe wala mbwa. Ekicholong cha babu yako sikukihesabu, maana mwanamume hatembei bila kigoda chake. Lakini ndala iliyokatika, Ewoi. Mtu anayekusudia kurudi huacha kitu nyuma. Wewe umeacha msumari ukutani, na nadhani ni kwa sababu hukupata koleo.

Najua ulianza lini kutoacha kitu chako kwangu. Kwa hiyo itabidi tuizungumzie ile kompyuta yako isiyo na mwili.

Siku uliponionyesha ulikuwa umemaliza shule na unanisaidia hapa. Ulikuwa umekaa kwenye kompyuta ya dirishani, ile inayotazama barabara na kula vumbi kuliko zote, ukaniita kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu. Nikaja. Ndani ya brauza, mahali ambapo watu wenye shughuli zao husoma matokeo ya mtihani, kulikuwa na kisanduku cheusi chenye maandishi meupe. Tukangoja. Mteja akaja, akachapisha barua ya kuomba kazi, akalalamikia bei, akalipa, akaenda, na sisi bado tunangoja. Mwishowe kikatokea kilima kijani chini ya anga la buluu, picha ile ile iliyokuwa kwenye kila kompyuta ya ofisi wakati wa ujana wangu.

"Mama, ona," ukasema. "Hii ni kompyuta mzima. Iko ndani ya brauza."

"Kompyuta ni hii," nikakwambia, na nikaligonga lile sanduku la chuma chini ya meza. "Hiyo nyingine ni nini?"

"Ni kompyuta, lakini haina chuma. Brauza inaigiza chuma yote, diski, memori, kila kitu. Hii mfumo ya zamani inadanganywa tu. Inafikiri iko na mashine yake."

"Na brauza iko kwa mashine ya nani?"

"Yako."

"Basi ni kompyuta yangu inajifanya kompyuta ingine ndio ifanye kazi polepole."

Ulicheka ukasema, "Eeh, ni hivyo tu," kana kwamba nilikuwa nimekusifu. Mimi nikakitazama kile kilima. Nyasi zote zile, laini, mpaka upeo wa macho, na hakuna hata mbuzi mmoja. Nikakwambia mashine yako ni ya uongo kuanzia kwenye picha, maana hakuna nchi yenye malisho ya namna ile ambayo mbuzi wa watu hawajaifikia.

Tukubaliane kwamba nilikuwa na haki ya kudharau. Kompyuta nzima ya chuma, inayopumua joto la Lodwar kutwa na bado inaamka asubuhi, wewe umeifanya iigize kompyuta ya kizamani ambayo wenyewe walishaitupa. Ni kama mtu mwenye punda mzima anayemfundisha kuchechemea kama punda wa marehemu. Na vijana wenzako walikuja kusimama nyuma ya kiti chako, wakatazama mfumo uliokufa ukifufuka kwa kujikokota, wakasema "noma sana". Sijawahi kuona watu wakishangilia ucheleweshaji kiasi kile, na mimi nimefanya kazi na serikali.

Lakini nijibu pia upande wako, kwa sababu usiku wa leo sina wa kunijibia. Ni mimi niliyebandika pale ukutani kwamba ni marufuku kusakinisha kitu chochote kwenye mashine zangu. Niliogopa virusi. Wewe ukagundua kwamba kompyuta inayoishi ndani ya brauza haisakinishwi. Inafunguliwa kama ukurasa wa habari, na ikiharibika, imeharibika peke yake. Niliufunga mlango, ukapita dirishani bila kuvunja kioo. Hilo hukulirithi kwa baba yako, ambaye alienda Kalemng'orok kununua mbuzi ukiwa tumboni na mpaka leo anachagua.

Halafu ukaanza kukusanya wagonjwa. Ndivyo ulivyoziita mashine zako za brauza. Unachukua mfumo mzima, unaufutia faili moja ambayo mfumo huitegemea kama moyo, au unaujaza diski mpaka unashindwa kupumua, au unaupa virusi, kisha unauhifadhi ukiwa katika hali hiyo hiyo. "Inalala vile iko, Mama," uliniambia. "Ukiiamsha inaendelea pale pale." Mwanafunzi wa ufundi anaiamsha, anahangaika kuiponya, na akiiua, anaifunga na kuifungua upya, na mgonjwa anarudi na ugonjwa wake ule ule kama hakufa. Kila jioni baada ya wateja ulikaa pale dirishani ukitengeneza maradhi. Kulikuwa na wodi nzima.

Mimi nikasema fundi aliyejifunzia kwa mgonjwa asiyekufa atamuua wa kwanza atakayeweza kufa. Nilijipenda kwa maneno hayo. Niliyarudia kwa wateja wiki nzima.

Sasa niache nikwambie nilikojifunza kufagia mashine, ndipo nije kwenye lile jambo la wodi yako.

Unajua kwamba nilifanya kazi Kakuma, kambini, ukiwa mdogo na unalelewa na bibi yako kule Katilu. Usichokijua ni jinsi nilivyokuwa mpumbavu kule, kwa sababu hadithi zangu zote za Kakuma huwa ninazikatia pale ninapoanza kuonekana vibaya. Nilikuwa karani. Niliingiza majina ya watu kwenye kompyuta, katika ofisi yenye kiyoyozi. Walinipa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu nilivyokuwa navyo. Nje ya ua walikaa wanawake wa Kiturkana wakiuza makaa na kuni kwa wakimbizi, wawili kati yao wakiwa shangazi zangu wa damu, na nilipopita na kizibao changu niliwasalimia kwa Kiingereza. Shangazi mmoja akaniitikia kwa Kiturkana "Ejok-noi" polepole sana, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. Nilidhani hakunielewa.

Kwenye kompyuta ya ofisi ndiko nilikoweka maisha yangu. Simu yangu ilikuwa ya tochi na kamera yake ilitoa picha za moshi, kwa hiyo kila aliyekuwa na kamera nzuri nilimwomba, na picha nikazihamishia pale. Jino lako la kwanza. Siku uliyoingia ndani ya kikapu cha bibi yako cha majani ya mkoma ukakataa kutoka. Vyeti vyangu, barua zangu, vyote vilikaa chini ya kile kilima kijani. Nilijisemea kwamba nyumba huungua na simu huibiwa, lakini nani ataiba kompyuta ya ofisi yenye askari mlangoni.

Meza ya pili alikaa Mzee Bahati, mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa mkalimani. Karatasi zake zote alizifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuvaa chini ya shati, mchana na usiku, na joto lile. Alinuka plastiki. Siku moja akaniona nikipanga picha zako, akaniambia, "Mama Ewoi, usiweke bitu byako mu masini ya benyewe. Siku moya batafunga mulango na bitu byako biko mule ndani."

Nilicheka. Sikucheka alichosema, nilicheka alivyokisema. Nilirudi nyumbani nikiigiza "bitu byako" kwa wenzangu, na maana yenyewe nikaiacha mezani kwake. Mtu aliyekimbia nchi yake kwa miguu alikuwa ananipa elimu bure, na mimi nikasahihisha lugha yake.

Asubuhi moja kompyuta ikakataa paswadi yangu. Nikaandika tena polepole. Ikakataa. Kijana mmoja aliyetoka Nairobi akatuita tukasimama kivulini, akatueleza kwamba mradi umekamilika. Hilo ndilo neno lao. Haukufa wala haukushindwa, ulikamilika. Mashine zilikuwa zimeshaanza kupangwa kwenye maboksi, zifutwe zipelekwe kwingine. Nikamwomba dakika chache tu nitoe picha za mtoto wangu. Akanitazama kwa huruma ya kuazima na kusema, "Pole, Mama, lakini hiyo ni data ya ofisi."

Jino lako la kwanza, Ewoi, lilikuwa data ya ofisi. Ndiyo maana hakuna picha yako hata moja kabla ya ile ya shule uliyovaa soksi zisizofanana. Cha kuazima hakistiri matako, na mimi niliondoka Kakuma, yangu yakiwa nje, nikapita mbele ya shangazi zangu, na safari hiyo nikawasalimia kwa lugha yetu. Walinigawia chai.

Nilichofanya baadaye unakijua, lakini nakiandika kwa sababu kinahusika. Bibi yako alikuwa amekupa mbuzi jike ulipozaliwa. Alimkata sikio alama yako, akamweka katika zizi letu, akazaa, na watoto wake wakazaa. Nikawauza wote nikanunua kompyuta ya kwanza, hiyo ya dirishani, nikafungua saiba. Bibi yako hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mtoto hana mbuzi kwa mama yake, atarudi kuangalia nini?" Nikamjibu kwamba mbuzi hufa kwa ukame na kompyuta haili nyasi. Niliona nimemshinda kwa hoja. Wazee wana tabia mbaya ya kukuacha ushinde.

Hapo ndipo nikaanza kufagia. Kila jioni kabla ya kufunga napita kila mashine na kufuta kila kitu ndani ya brauza, historia, paswadi, kila alichokanyaga mteja. Watu wa mji huu huacha uchi wao kwenye brauza kama watu wanaooga mtoni wakasahau nguo. Bwana mkubwa wa ofisi ya kaunti anakuja kuchapisha ripoti na anaacha barua za mapenzi wazi. Msichana anauliza mashine jambo ambalo hawezi kumwuliza mama yake, kisha anatoka bila kuufunga ukurasa. Mimi nafagia wote, kwa usawa, bila kusoma. Saiba nyingine mjini zina mashine mpya. Mimi nina ufagio, na watu wanalijua hilo. Na kila mteja namwambia: kilicho chako kibebe kwenye flashi, maana hapa hakilali kitu.

Nilikwambia na wewe. Nilikwambia mbele ya watu. Hukubeba. Wagonjwa wako ukawalaza ndani ya brauza ya kompyuta ya dirishani, na kwa kuwa siku hizo kila jioni ulifunga saiba wewe, uliiruka ile wakati wa kufagia. Nilijua kwamba unairuka, nikaona ni uvivu. Sikujiuliza kwa nini kijana asiye mjinga anafanya jambo la kijinga miezi yote hiyo.

Jioni ile wewe ulikuwa kwaya, mimi nikafunga. Nikafagia zote.

Asubuhi yake wakaja wageni kutoka Kakuma, yule madamu wa mafunzo na wenzake wawili, kila mmoja na kizibao chake. Nilipoviona vile vizibao damu ikanichemka. Madamu akasema "Ejok" kwa kupandisha sauti mwishoni kama anauliza bei ya nyanya. Walikuwa wanatafuta mtu wa kufundisha vijana kambini jinsi ya kutengeneza mifumo ya kompyuta, na shida yao ilikuwa kwamba laputopu walizopewa zimefungwa, hazikubali kusakinishwa kitu. Walikuwa wamesikia kuhusu wodi yako. Safari hii, Ewoi, kuna watu wenye akili waliokuja na kizibao, nami sikutaka kuliona hilo.

Ulikaa. Ukafungua ukurasa. Ukafungua tena. Niliona mgongo wako ukibadilika.

"Mama, jana ulifagia?"

"Kila siku nafagia."

"Na hii ya dirishani?"

"Kwani hiyo si ya saiba?"

Hapo ningenyamaza, ungeeleza, pengine wangekupa siku nyingine. Lakini walikuwepo watu wa kuchekesha. Nikawageukia wale wageni nikasema, "Kama ingekuwa kompyuta ya kweli, haingefutika na vidole viwili." Wakacheka. Mimi nina kipaji cha kuchekesha watu. Madamu akasema watapiga simu, nao hawakupiga kwa zaidi ya mwaka.

Walipoondoka hukupiga meza wala hukulia. Ulisema kitu kimoja tu: "Nilifikiria hapa ni nyumbani."

Nikakujibu kwamba hapa ni saiba.

Maji yakimwagika hayazoleki, na wewe hukujaribu kuyazoa. Sijuti kufagia. Kesho utakapoondoka nitafagia tena, na keshokutwa. Ninachojuta ni kwamba nilikufagia kama mteja. Wewe ulilaza vitu vyako pale kwa sababu ulidhani kwa mama yako si kwa wenyewe, na ukavikuta barabarani. Yule kijana wa Nairobi angalau alisema pole. Mimi nilisema la kuchekesha. Nakuomba radhi, mwanangu, na naandika neno hilo polepole kwa sababu sijazoea tahajia yake.

Tangu siku ile flashi iko shingoni mwako kwa uzi. Nguo zako zikahamia kwenye begi, na begi likahamia karibu na mlango. Ulijenga wodi upya kwenye simu za marafiki na kompyuta za watu, mgonjwa mmoja mmoja, na hapa kwangu ukawa unakaa kama mpangaji mwenye adabu: unasalimia, unalipa kwa kufagia sakafu, huachi kitu. Mwishowe wakapiga simu, na sasa unaenda.

Nitakwambia nini kuhusu Kakuma ambacho hutakidharau kwa haki? Watakupa kizibao. Kivae, kina mifuko. Watakupa anwani ya barua yenye jina lao mbele na lako nyuma, na utajiona umezaliwa upya. Ile ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hagongi mlango. Wapo watakaokupigia makofi kwa kuwafungulia kilima kijani kwenye laputopu, na makofi yao yatakamilika pamoja na mradi. Wewe wafundishe wale vijana wa kambini, maana wao wanajua kuliko mimi na wewe maana ya kuishi ndani ya kitu ambacho mwenyewe anaweza kukifunga. Hakuna atakayehitaji kuelezwa kwa nini mashine inapaswa kulala vile ilivyo na kuendelea pale pale. Ukimkuta anayesema "bitu byako", nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Na shangazi zangu bado wanakaa pale uani na makaa yao. Mmoja haoni vizuri siku hizi. Msalimie kwa sauti, kwa lugha yetu, utaje jina la bibi yako kabla ya langu.

Nimechoka kutoa nasaha. Nazidharau hata zikiwa zangu. Nikwambie badala yake nilichofanya leo ulipokuwa ukitafuta kamba.

Nilifunga saiba mapema. Mtu alikuja kugonga akitaka kuchapisha, nikamwambia stima imepotea, huku feni ikizunguka juu ya kichwa changu na yeye anaitazama. Nikakaa kwenye kompyuta ya dirishani. Nilikuwa nimekuona ukifungua ule ukurasa mara nyingi kutosha, na mimi si mzee kama unavyowaambia marafiki zako. Nikaufungua. Kisanduku cheusi, maandishi meupe. Nikangoja. Nilikunywa chai yote nikingoja. Ni upuuzi, Ewoi, nasema tena, ni njia ndefu ya kufika mahali tulipokuwa zamani. Kisha kile kilima kikatokea. Kilikuwa ni kile kile. Kwa muda mfupi mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kona ile nilikokuwa nikiweka picha zako, kuzitafuta.

Hamkuwa na kitu, bila shaka. Ilikuwa mashine iliyozaliwa leo. Haimjui mtu.

Nikafungua ile programu ya kuchorea, ya wino na brashi, ambayo tulikuwa tukiichezea ofisini bosi akienda Lokichoggio. Nikaifungua ndani yake ile picha ya kilima. Nikachora mbuzi. Mausi ya dirishani inakwama upande wa kushoto kwa sababu ya vumbi, na mashine yako inafikiria kila mstari kabla ya kuukubali, kwa hiyo mbuzi ametoka na mgongo wa ngamia na miguu ambayo sitaki uihesabu. Ni jike. Nimemkata sikio la kulia, alama yako, ile ile ya bibi yako. Hapo ndipo nilipotumia muda, na hapo hakuna makosa. Nikamweka juu ya kilima, mbele, mahali ambapo nyasi ni nzuri, kisha nikaibonyeza mashine ilale vile ilivyo.

Usidhani nimeanza kuiamini. Najua vizuri kinachoitunza: brauza ileile ninayoifuta kwa vidole viwili. Panya akikata waya, mtu akimwaga soda, imekwisha. Ni mbuzi asiye na mwili kwenye kilima cha uongo ndani ya kompyuta ya kuigiza. Sina mwingine wa kukupa, wale wa kweli niliwauza, na hii mashine ya dirishani ndiyo ngozi yao.

Jioni hii nimefagia zote isipokuwa hiyo. Nimeifunika kwa kanga yangu ili vumbi lisiingie, na sitaifagia kesho wala siku nyingine mpaka uje uiamshe mwenyewe. Ndala yako nayo nimeitoa kwenye begi. Ukiikosa njiani, usirudi kwa sababu ya ndala. Mteja wa kwanza kesho atataka kukaa pale, kila mtu hupenda pale, panapata upepo. Atauliza kwa nini kompyuta nzima imefunikwa na watu wanapanga foleni.

Nitamwambia ile ina mwenyewe.

Mama yako